Mfanyakazi Aanze na Lugha Gani ya Kompyuta?



Katika mikutano yetu ya hivi karibuni hapa Kismayo, na kwa wenzetu wa visiwani, swali moja limekuwa likirudi kila mara. Vijana wa bandarini, wa barafu, wa kupakia samaki na wa mashambani wanauliza: mtu asiye msomi mkubwa, mwenye simu tu mkononi, akitaka kujifunza kuandika programu za kompyuta kwa kujifurahisha baada ya kazi, aanze na lugha ipi iliyo nyepesi? Hawaulizi kwa sababu wanataka kuacha kazi na kwenda kukaa ofisini. Wanataka kujua tu, kama mwengine anavyojifunza kupiga zumari. Baadhi ya wazee walicheka. Sisi hatukucheka, na sababu zetu tutazieleza hapa chini.

Kwanza tufahamiane lugha ya kompyuta ni kitu gani. Si lugha ya kuzungumzia. Ni maneno machache ya kutoa amri. Nahodha akisema "Tweka!", mabaharia hutweka tanga. Akisema "Tua!", hulitua. Lakini baharia ana akili yake. Akiona mwamba mbele hatangoja amri. Kompyuta itauendea mwamba ule ule ulioiambia iuendee, haitauliza neno. Kwa hiyo anayejifunza lugha hizi hajifunzi kuzungumza na mashine. Anajifunza kutoa amri iliyonyooka, hatua baada ya hatua, bila kuacha pengo. Maneno yenyewe ni machache mno. Lugha moja tutakayoisema hapa, iitwayo Python, ina maneno 35 tu iliyojiwekea mwenyewe. Mzee wa Koyama ana majina mengi kuliko hayo ya samaki na pepo peke yake.

KARANI ASIYEONEKANA

Wengine watauliza chama cha wafanyakazi kinahusika vipi na mambo haya. Kinahusika sana. Wazee waliokata miwa Mareerey kabla ya vita vya 1991, na waliobeba ndizi za bonde la Juba zilizopakiwa melini bandarini Kismayo, wanamkumbuka karani, mizani na daftari. Uliweza kusimama nyuma ya karani ukaitazama kalamu yake. Akiandika 40 na wewe umeona 43, mlizozana hapo hapo na nyapara akaitwa. Leo uzito unaingizwa kwenye kompyuta, na mwisho wa mwezi inatoka karatasi yenye tarakimu. Ukiuliza, utajibiwa: "Ndivyo kompyuta ilivyosema." Na mfanyakazi hunyamaza, kwa maana nani atagombana na kompyuta?

Mahali pamoja pa kusafisha na kupakia samaki, ambapo hatutapataja jina, akina mama wanalipwa kwa kilo. Walituletea karatasi zao wakasema hesabu haiendi sawa, ila hawakuweza kuonyesha kosa liko wapi. Mmoja wao alikuwa ameandika kila siku uzito wake kwenye daftari la mwanawe la shule. Tukalichukua daftari. Siku ya kwanza ameandika kilo 41.9, ya pili 38.6, ya tatu 44.7. Jumla yake ni 125.2. Karatasi ya malipo ilikuwa na 123.

Kijana mmoja wa chama, ambaye mchana ni kuli na usiku hucheza na programu kwenye simu yake, alitazama kidogo akasema: "Hapa kuna mtu ameiambia kompyuta ikate." Akatuonyesha. Katika Python, na katika lugha nyingi, kuna amri ya kuichukua tarakimu na kutupa kila kilicho nyuma ya nukta. Inaitwa int. Ukiipa 41.9 inakurudishia 41. Haikaribishi kwenda 42, inakata. Ikikata kila siku kabla ya kujumlisha, unabaki na 41 na 38 na 44, jumla 123. Ikijumlisha kwanza kisha ikakata, unapata 125. Amri ni ile ile, imewekwa mahali tofauti, na kilo mbili za samaki zimepotea kwa siku tatu. Hata hesabu za Excel, zinazotumika katika ofisi nyingi, zina amri ya namna hiyo hiyo.

Hatukusema mtu ameiba. Yawezekana aliyeandika amri ile alitaka tu karatasi ionekane safi, isijae nukta. Lakini tulipokwenda kwa msimamizi hatukwenda na malalamiko ya "tunaona hesabu haiko sawa". Tulikwenda na siku tatu, tarakimu tatu, na mistari minne ya amri iliyotoa jibu lile lile la karatasi yao, 123. Mazungumzo yalikuwa mafupi. Kuanzia mwezi uliofuata nukta zilihesabiwa. Ya miezi ya nyuma bado tunayadai.

Ndiyo maana hatukucheka.

NYEPESI KWA NANI?

Sasa turudi kwenye swali. Vijana wakisema "lugha nyepesi" yafaa waulizwe: nyepesi kwa nani? Mtoto wa Chovai hafundishwi bahari kwa jahazi. Huanzia hori, karibu na pwani, mahali akipinduka atasimama. Lakini kwa mtu wa mjini hata hori ni tabu. Sisi tumeona lugha ya kwanza ipimwe kwa mambo haya: je, itafanya kazi kwenye chombo ulicho nacho leo, yaani simu, hata kama intaneti hakuna? Je, usiku wa kwanza utapata jibu la jambo lako mwenyewe, au utakaa wiki mbili ukisoma utangulizi? Na ukikwama, kuna mtu wa kumwuliza? Hili la mwisho vijana hulisahau, nasi tunaliona kuwa kubwa kuliko mengine yote.

Fikra kwamba mtu wa kawaida naye apewe lugha yake si mpya. Zamani kompyuta ilikuwa ya wanasayansi na wahandisi tu. Tarehe 1 Mei 1964, katika chuo cha Dartmouth huko Marekani, walimu wawili wa hesabu, John Kemeny na Thomas Kurtz, walianzisha lugha iitwayo BASIC kwa ajili ya wanafunzi ambao hawakuwa wa sayansi. Tarehe yenyewe ni Siku ya Wafanyakazi, ingawa hatudhani waliichagua kwa sababu hiyo. Miaka ya 1970 na 1980 kompyuta ndogo za nyumbani zilikuja na BASIC ndani yake, ukiwasha tu iko tayari, na watu wengi waliojifunza wenyewe bila mwalimu walianza nayo. Siku hizi imepungua sana, na wa kumwuliza ni wachache. Tunaiheshimu, lakini hatumshauri mtu aanze nayo.

Wazee wetu wanayajua haya kwa njia nyingine. Kisomali kilikaa miaka mingi bila maandishi rasmi. Watu walishindana: wengine walitaka herufi za Kiarabu, wengine Kisimaniya iliyobuniwa hapa hapa nchini, wengine herufi za Kilatini. Kila upande ulikuwa na hoja ya heshima. Mwezi Oktoba 1972 serikali ilitangaza herufi za Kilatini, na moja ya hoja zake ilikuwa hoja ya kifundi kabisa: mashine za kuchapia na mitambo ya kupigia chapa za herufi hizo zilikuwapo tayari. Kisha mwaka 1974 shule za sekondari zikafungwa, na wanafunzi kwa maelfu wakapelekwa mashambani na nyikani kufundisha watu kusoma. Wito wa siku hizo ulikuwa kwamba anayejua afundishe na asiyejua ajifunze. Hapo utaona yote mawili, chombo kilichopo na mtu wa kumwuliza.

Na sisi Wabajuni tulikuwa na lingine juu ya hilo. Mtoto alisoma kwa Kisomali shuleni, akasema Kibajuni nyumbani. Hakuna wa kutufundisha maana ya kujifunza jambo geni kwa lugha ya mwingine. Ni mzigo juu ya mzigo.

Kwa hiyo tulifurahi vijana walipotuonyesha lugha ya kompyuta iitwayo Nuru. Imetengenezwa miaka hii ya 2020 na vijana wa Afrika Mashariki, na amri zake ni za Kiswahili. Ukitaka kompyuta ionyeshe kitu unaandika andika. Ukitaka kuiwekea sharti unaandika kama, na upande wa pili sivyo. Ukitaka irudie jambo wakati sharti linaendelea, unaandika wakati. Kuipa tarakimu jina, unaanza na fanya. Mzee mmoja mvuvi, ambaye hajawahi kugusa kompyuta, tulimsomea mistari mitano akaeleza yenyewe inafanya nini kabla hatujamaliza. Alisema ni kama kumtuma mtoto dukani.

Je, basi tuseme Nuru na tumalize? Tulibishana sana juu ya hili. Walio upande wa Nuru walisema: lugha yetu, tuitumie. Ni kweli, na ina uzito. Lakini Nuru bado changa. Kuiweka kwenye simu kunahitaji kupitia programu iitwayo Termux, yenye skrini nyeusi na amri za kuandika kwa mkono, na kwa mtu wa siku ya kwanza hilo ni wimbi kubwa. Vitabu vyake ni vichache. Ukikwama saa nne za usiku huko Chula, anayeijua unaweza kumhesabu kwa vidole.

Shauri letu ni hili. Ikiwa yupo mtu wa kukuwekea Nuru, usiku wa kwanza au wiki ya kwanza anza nayo, ili uone kwa lugha yako kwamba hakuna uchawi ndani. Kisha ingia Python, ukae hapo. Asiye na wa kumwekea aanze Python moja kwa moja, wala asijione amekosa kitu.

HABARI ZA PYTHON

Python ilianzwa na Mholanzi, Guido van Rossum, mwishoni mwa 1989. Ofisi yake ilikuwa imefungwa kwa sikukuu ya Krismasi, akatafuta jambo la kujishughulisha nalo. Kumbe lugha yenyewe ilianza kama mchezo wa mtu aliye likizoni. Aliitoa hadharani Februari 1991. Mwaka huo sisi hatukuwa na habari ya kompyuta. Serikali ilikuwa imeanguka, na watu wetu walikuwa wakipakia watoto kwenye mashua kwenda Lamu na Mombasa. Wengine walirudi baada ya miaka, wengine hawakurudi. Tunalisema hili kwa sababu kijana wa Kismayo akijiona amechelewa, ajue si uvivu uliomchelewesha.

Python haiuzwi, ni bure. Kwenye simu ya Android iko programu iitwayo Pydroid 3. Ukishaipakua mara moja mahali penye intaneti nzuri, unaweza kuandika na kujaribu bila bando. Maneno yake ya amri ni ya Kiingereza, lakini majina unayoyapa vitu unaweza kuyaandika kwa Kiswahili au Kibajuni ukitaka. Tazameni mgao wa chombo. Tunajua kila chombo kina desturi yake. Hapa tuchukue mfano tu. Samaki wameuzwa dola 195. Petroli, barafu na chakula ni dola 60. Kinachobaki, theluthi ni ya chombo na mashine. Zilizosalia wanagawana nahodha kwa mafungu mawili na mabaharia wanne kwa fungu moja moja, jumla mafungu sita.

mauzo = 195
gharama = 60
baki = mauzo - gharama
chombo = baki / 3
fungu = (baki - chombo) / 6
print(fungu)

Mistari sita. Simu itajibu 15.0, yaani kila baharia dola 15 na nahodha 30. Neno geni hapo ni moja tu, print, maana yake hapa "onyesha". Yaliyobaki ni maneno ya pwani. Kesho mauzo yakiwa 260 unabadilisha tarakimu moja tu. Na baharia aliyeketi omoni, ambaye miaka yote amepokea alichopewa, sasa anaweza kuuliza: hiyo gharama ya 60 imetoka wapi? Kompyuta haitamjibu hilo. Itabidi nahodha ajibu.

Yako mambo ya Python yatakayowaudhi. Nafasi tupu mwanzoni mwa mstari ina maana. Ukisogeza mstari ndani bila sababu, inakataa. Ikikataa huandika kosa kwa Kiingereza, na hapo wengi hukata tamaa. Msikate. Tafuteni nambari ya mstari katika maneno yale, nendeni mstari huo au ulio juu yake. Mara nyingi ni mabano yaliyosahauliwa kufungwa. Jingine: mkihesabu pesa zenye nukta mtashangaa. Mwambieni ijumlishe 0.1 na 0.2, itajibu 0.30000000000000004. Si ugonjwa wa simu yako. Kompyuta huhifadhi tarakimu kwa njia ambayo baadhi ya nukta haziingii sawasawa. Kwa pesa, hesabuni kwa senti nzima, kisha mgawanye kwa 100 mwishoni. Fundi mzuri hufanya hivyo, na msimamizi akiwaambia hesabu yenu ina tarakimu za ajabu, mtamjibu.

Lugha nyingine tuzipitie upesi. Scratch, iliyotolewa mwaka 2007 na watu wa chuo cha MIT huko Marekani, haina kuandika. Unapanga vipande vya rangi kama matofali, na maneno yake yanapatikana kwa Kiswahili. Ni nzuri sana kwa watoto, na mzazi akikaa nao atajifunza naye, ila inataka kompyuta au tableti. JavaScript iko ndani ya kila simu inayofungua kurasa za intaneti. Anayetaka kutengeneza ukurasa wa kuonekana na watu atafika huko, lakini ina mitego mingi kwa anayeanza. C na Java ni jahazi. Ziacheni kwanza.

MAONYO KIDOGO

Kuna watu wanaouza mafunzo na vyeti kwa bei kubwa, wakimwahidi kijana kwamba baada ya wiki sita atapata kazi Nairobi au Dubai. Mtu anayejifunza kwa kujifurahisha hahitaji kulipa kitu cha kuanzia. Weka pesa yako.

La pili ni zito zaidi. Msimamizi akijua kwamba Fulani wa kupakia anaweza kuandika programu, atamwita ofisini: "Tutengenezee hesabu hii, wewe ni mtu wetu." Leo saa moja, kesho saa tatu, na malipo ni yale yale ya kupakia. Ikitokea hivyo, kazi hiyo ni kazi na ina ijara yake. Kubali au kataa, lakini mwambie mjumbe wa chama kabla hujaanza. Na ukiwekwa kuandika hesabu za mishahara ya wenzako, amri utakazoweka ziandike pia kwenye karatasi, ili kila mmoja aweze kuziona na kukuuliza, kama alivyoweza kusimama nyuma ya karani.

Vilevile tusiwachoshe watu. Baada ya saa kumi juani mwili unataka kulala. Nusu saa, mara mbili tatu kwa wiki, yatosha. Watu watatu wenye simu moja hujifunza vizuri kuliko mtu mmoja mwenye simu tatu, maana mmoja anaandika, wa pili anasoma kwa sauti, wa tatu anauliza "kwa nini?". Kuna kikundi cha namna hiyo kinachokutana baada ya sala ya isha karibu na gati. Tumekaa nao mara mbili. Mara ya pili walikuwa wakijaribu kuandika jedwali la maji kupwa na kujaa, na walikuwa wamekosea kwa saa sita kamili. Walikuwa wakicheka.

Mkutano ujao wa tawi, wenye Python kwenye simu waje nazo zikiwa na chaji. Wanaolipwa kwa kilo au kwa debe waje na karatasi zao za miezi miwili iliyopita, na daftari ikiwa wameweka. Tutaanza kuzihesabu hapo hapo, nukta kwa nukta.